Nilitunza sauti, wifi akasikia maneno

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Mwanza, nimeolewa Tanga huu mwaka wa nne. Nakuandikia kuhusu muziki na kuhusu wifi yangu, maana siku hizi mambo hayo mawili siwezi tena kuyatenganisha.

Nianze na muziki ili unielewe mimi ni mtu wa namna gani. Wapo wanaokwenda kwenye shoo kuonana na watu, kuvaa, kula nyama choma. Mimi nakwenda kusikiliza. Nilianza nikiwa na miaka 18, uwanja wa CCM Kirumba, kwenye shoo ya bongo fleva niliyoiwekea akiba miezi miwili. Msanii mkubwa alipanda jukwaani saa tisa usiku, akaimba juu ya CD yake mwenyewe. Akishusha maiki, sauti inaendelea. Nilirudi nyumbani nalia, nikaapa nitatafuta mahali ambapo watu wanapiga kweli.

Nilipapata Dar, nilipokwenda kusoma. Jumapili moja mjomba alinipeleka kuwaona Msondo Ngoma. Nyimbo zao nilizijua redioni tu, na kumbe redio haikuwa imeniambia hata nusu. Redioni magitaa yote ni kitu kimoja. Pale ukumbini niliyaona yakizungumza: la solo linauliza, rithim linang'ang'ania neno lake, na besi naisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Walipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, wapuliza tarumbeta na saksafoni walisimama pamoja, na wazee wenye mvi waliokuwa wametulia na vinywaji vyao wakainuka kama walioitwa kwa majina. Mjomba akaniambia bendi hii ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili lake. Wiki iliyofuata nilimng'ang'ania anipeleke kwa mahasimu wao, Mlimani Park, Sikinde. Tangu hapo kila mshahara ukiingia, kiingilio ndicho kinachotoka kwanza.

Halafu mwezi wa pili mmoja nikavuka kwenda Unguja kwenye tamasha la Sauti za Busara, kwa sababu niliambiwa pale sharti ni muziki upigwe laivu. Ngome Kongwe, usiku, upepo wa Forodhani unapita juu ya kuta. Culture Musical Club, kikundi cha taarab, wakapanda. Fidla, akodiani, udi, na qanuni, chombo cha nyuzi nyingi ambacho sikuwahi kukiona kwa macho. Wakafungua na bashraf, muziki mtupu usio na neno hata moja, nami nilikuwa karibu kiasi cha kuona vidole vya mpiga qanuni vikitua kwenye nyuzi. Nywele zilinisimama. Nikasema moyoni, huu ndio muziki ninaotaka kuzeeka nao. Na Mungu si Athumani, nikaja kuolewa Tanga.

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Mwezi wa tatu ndoa yake ilivunjika, akaja kwetu na mtoto wake wa miaka minne. Sina neno naye, nyumba ni ya ndugu. Tulimpa chumba kidogo, kile nilichokuwa nimeweka spika zangu mbili kubwa, za mshahara wangu wa kwanza. Nilikuwa nikitoka kazini najifungia humo nusu saa nasikiliza, ndipo naingia jikoni. Sasa spika ziko uvunguni mwa kitanda chetu, na jioni hakupigwi muziki kwa sababu mtoto analala mapema. Ndiyo maana nimezidisha kwenda kumbini. Wifi aliwahi kusema mbele ya mama yake kwamba mke wa mtu hafukuzii ngoma. Nilinyamaza. Narudia, sina neno naye.

Miezi miwili iliyopita kikundi cha taarab ya kisasa kilikuja hapa kutoka Dar. Tulikwenda wote: mume wangu, mama mkwe, wifi, na binamu zao wawili. Tulipata meza nzuri, karibu na katikati. Mwimbaji mmoja, mama mtu mzima, alianza wimbo kwa sauti ya chini kabisa, yenye mkwaruzo kidogo, halafu akapanda nayo polepole mpaka ikafika mahali nikadhani itakatika. Haikukatika. Aliishikilia pale. Shangazi, machozi yalinitoka. Nikachukua noti ya shilingi 10,000 nikaenda kumtunza. Akaurudia ubeti, akaipandisha tena ile sauti, nikaenda tena. Mara ya tatu nilikuwa nacheza, nimefumba macho, mkono juu, nikageuka kuelekea mezani kwetu kwa sababu nilitaka mume wangu aone nilivyofurahi. Wanawake wa meza za jirani wakapiga vigelegele.

Nilipofumbua macho wifi alikuwa ameshachukua mkoba wake na anatoka.

Baadaye nilielezwa kwamba ubeti ule ulimsema mgeni aliyepokewa kwa heri, akakaa mpaka akajiona ndiye mwenye mji. Naapa kwa Mungu maneno sikuyasikia. Nilisikia sauti. Tangu siku hiyo wifi hanisemeshi, na anampikia mtoto wake chungu cha peke yake. Mama mkwe alisema neno moja tu: "Mwanangu, ulikuwa na haja gani ya kugeuka?" Mume wangu anataka nikae mbali na taarab mpaka mambo yapoe. Lakini baada ya Idi kuna harusi ya ukoo wao Unguja, na taarab itapigwa, na sote tunakwenda.

Je, niombe msamaha kwa jambo ambalo sikulikusudia? Na niache kwenda kwenye muziki, kitu pekee ambacho ni changu?

Mpenda Laivu, Tanga


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya Msondo tu. Wale wazee walioinuka kwenye chemko nawajua. Umesikiliza vizuri, na mtu anayelia kwa sababu mwimbaji ameishikilia sauti ni mtu ninayependa kukaa naye meza moja. Ndiyo maana nitakuambia mambo bila kuyapaka sukari.

Mimi nimekulia Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mama yangu alikuwa mtu wa Black Star, na jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mtu wa Lucky Star. Hiyo ni miaka ile ambayo Tanga ilikuwa na vikundi viwili vya taarab na kila nyumba ilikuwa na upande wake. Nilijua kutunza kabla sijajua kuandika jina langu. Nikiwa mtoto mama alinipa sarafu nimpelekee mwimbaji, na kabla hajanipa alinishika bega akaniambia: ngoja, ubeti huu siyo wetu. Nikangoja. Ubeti uliofuata akanisukuma mgongoni. Sikuelewa kwa nini, ila nilielewa kwamba mguu wangu ulikuwa unasema kitu.

Hilo ndilo ambalo hakuna aliyekufundisha, na si kosa lako kuzaliwa Mwanza. Kwenye dansi, huo muziki wa Msondo na Sikinde, ukimfuata mpiga solo ukambandika noti kwenye paji la uso, umemwambia: unapiga vizuri. Basi. Kwenye taarab unapoinuka, ukumbi mzima unaangalia mambo manne kwa pamoja: umeinuka kwenye ubeti gani, umeshika noti ya rangi gani, umekwenda mara ngapi, na uso wako umeelekea wapi. Mtunzi wa taarab hataji jina. Anafumba, na fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Anaacha nafasi tupu katikati ya ubeti, na yule anayeinuka na pesa ndiye anayeijaza. Mwimbaji hana lawama, yeye kaimba. Mtunzi hana lawama, yeye hakumjua mtu. Maneno yanakuwa ya aliyetunza.

Na si jambo la juzi. Unguja, kabla ya Mapinduzi, vilikuwepo vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojipa majina ya kijeshi, Royal Air Force na Royal Navy, na vita vyenyewe vilikuwa vya mashairi. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijaa kumbini kwa sababu ya vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na watu walilipa kiingilio kwenda kusikia nani kajibiwa nini. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 na kuitoa taarab kwenye Kiarabu cha majumba ya kifalme kuileta kwenye Kiswahili cha watu, aliimba mambo yaliyotokea mjini, na wasikilizaji walijua anamsema nani. Wifi yako amezaliwa ndani ya hayo. Alisikia kama ambavyo angesikia mwingine yeyote pale ukumbini.

Sasa tazama ulichofanya kwa macho yake. Ubeti wa mgeni aliyejiona mwenye mji. Wifi yake, mwenye nyumba, anainuka. Noti nyekundu, ya 10,000. Mara moja, labda bahati mbaya. Mara ya pili. Mara ya tatu anacheza, amefumba macho kama mtu anayeona utamu wa analosema, anageuka kuelekea meza ambayo yeye amekaa. Na vigelegele vile, mwanangu, havikuwa vya sauti ya mwimbaji. Wale wanawake walikuwa wamekusoma. Walikupongeza kwa kumpiga mtu. Mwanamke aliyeachika mwezi wa tatu, anayelala kwa mdogo wake, alisikia mji mzima ukimshangilia aliyemwambia aondoke. Hata ningekuwa mimi, ningechukua mkoba.

Kwa hiyo ndiyo, omba msamaha. Hukukusudia, nakuamini. Lakini anayemwaga maji ya moto kwa bahati mbaya hasubiri kwanza ijulikane nia yake, anakimbilia kumtazama aliyeungua.

Kuna jambo jingine, nalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Umeniambia "sina neno naye" mara mbili. Na katikati ya hizo mara mbili umeniambia habari za spika: ulizinunua kwa mshahara gani, zilikaa chumba gani, ulisikiliza dakika ngapi, na sasa ziko uvunguni. Umelieleza lile gitaa la solo kwa upendo, lakini zile spika umezieleza kwa uchungu. Sisemi uliinuka ukumbini kumkusudia wifi yako. Nasema neno lipo, limekaa miezi bila kusemwa, na yeye analiona kila anapoingia kile chumba na kukuta alama za miguu ya spika sakafuni. Ubeti ule ulimkuta tayari analijua. Ndiyo maana kueleza tu kwamba hukusikia maneno hakutamtosha.

Fanya hivi. Usimtume mume wako, maana msamaha ukiletwa na ndugu yake mwenye nyumba unakuwa amri. Usipitie kwa mama mkwe pia, ingawa yeye ameshakuonyesha kwamba yuko tayari kusikia. Na usiandike kwenye simu. Chagua mchana, mtoto akiwa shule au amelala, mgongee mlango wake. Ugonge, hata kama chumba kilikuwa chako. Mwambie: wifi, ulipotoka ukumbini ulitoka kwa haki yako. Nilikwenda mara tatu kwenye ubeti ambao ulikuaibisha mbele ya watu. Sikuujua ubeti, lakini mguu ulikuwa wangu. Nisamehe. Usiseme "kama nilikukosea". Hilo "kama" ndilo linalowarudisha watu kwenye ugomvi. Akikunyamazia, mnyamazie, ondoka taratibu, na kesho mpikie mtoto wake pamoja na wenu bila kuuliza.

Habari za spika usizitaje siku hiyo. Hizo ni zako na mume wako. Mwambie yeye, waziwazi, kwamba unahitaji nusu saa yako ya muziki, na kwamba ukiikosa unageuka mtu mwingine. Ziwekwe sebuleni, zipigwe saa kumi na moja kabla mtoto hajalala, sauti ya kiasi. Mtoto wa miaka minne hafi kwa kusikia fidla. Huenda akapenda. Mambo mengi yanayogeuka vita baina ya wifi na wifi yangeisha kama mume angesogeza kitu kimoja kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kuhusu shauri la mume wako, kukaa mbali na taarab mpaka mambo yapoe, mimi silikubali. Ana nia njema, lakini ukoo utasema umejificha kwa sababu ulikusudia. Na zaidi ya hapo, umeandika kwamba muziki ni kitu pekee ambacho ni chako. Sitamwambia mwanamke yeyote aache kitu cha namna hiyo ili nyumba itulie.

Nenda Unguja. Kaa karibu na wifi, upande wake, si mbele yake. Usiwe wa kwanza kuinuka, na hata sauti ikikupasua moyo, shika kiti. Usikilize wimbo mzima mara moja, kiitikio na beti zote, ndipo ujue unamsema nani. Wimbo ukiwa wa kumsifu bibi harusi au kumwombea mama yake heri, inuka kwa amani, nenda moja kwa moja jukwaani, macho kwa mwimbaji, mpe, rudi kwa pembeni. Hakuna kuzunguka, wala hakuna haja ya noti nyekundu. Na kama umeguswa na muziki wenyewe kama ulivyoguswa na ile bashraf, mtunze mpiga chombo wakati maneno yamenyamaza. Mpiga kinanda, mpiga fidla. Wapigaji wa vyombo wanatunzwa kidogo mno, nami hilo limeniuma miaka yote. Utakuwa umefanya jambo jema, na hakuna ubeti wa kukugeuka.

Sasa niruhusu nikugombeze kidogo kama mpenda muziki mwenzako. Umeniandikia: "Maneno sikuyasikia. Nilisikia sauti." Uliniandikia kama utetezi. Mimi nilihuzunika. Umekuja kwenye taarab na masikio ya dansi, unasikiliza gitaa na pumzi, na unasikiliza vizuri sana, lakini nusu ya chakula unaiacha sahanini. Ile sauti iliyopanda ikashikilia, ilishikilia neno. Mama yule hakupandisha pale kwa sababu pale ni patamu kooni. Alipandisha pale kwa sababu kina cha ubeti kilikuwa kinakuja, na alitaka ukingoje. Taarab ni shairi lenye mizani na vina, lililokabidhiwa kwa mtu ajue ni wapi pa kulichelewesha. Ukianza kusikia hivyo, utalia zaidi, na utajua unalia kwa nini.

Na mtu wa kukufundisha hayo yuko chumba cha pili. Yule anayepikia chungu cha peke yake ndiye aliyesikia ubeti wote kwa mara moja, akaufumbua, akajua unamwangukia nani, kabla wewe hujamaliza kuinua mkono. Hayo ni masikio ya mtu anayejua. Msamaha ukishakaa, hata baada ya wiki mbili tatu, siku moja spika zikiwa sebuleni, weka wimbo wa zamani wa hapa hapa Tanga na umuulize: wifi, hapa anamaanisha nini? Uulize kwa haja ya kweli, maana unayo. Mtu aliyerudi kwao mikono mitupu hapendi kuhurumiwa kila siku, lakini akiulizwa kitu anachokijua, mgongo unanyooka. Mwache akusahihishe. Mwache acheke ukikosea.

Mkifika harusini, ubeti ukija ambao yeye mwenyewe ameuchagua, mwulize kwa jicho. Akikubali, mshike mkono mwende pamoja. Ukumbi utasoma hilo nalo, na mama mkwe atalisoma kabla ya wote. Akikataa, usimvute, kaeni. Kuna beti nyingi usiku mmoja.

Ukirudi niandikie mlimtunza nani.

Shangazi